NYUMBA NJEMA SI MLANGO: MAZUNGUMZO JUU YA KUCHAGUA BAINA YA MAJENGO MAWILI YA FLETI ZA KIFAHARI UKINGONI MWA BAHARI

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wafanyakazi wa Serikali na wakaazi wa Mjini Unguja. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya wasomaji wote.

Mada niliyopewa ni namna ya kuchagua baina ya majengo mawili ya fleti za kifahari yaliyojengwa, au yanayokusudiwa kujengwa, ukingoni mwa bahari. Naelewa kwamba baadhi yenu mtajiuliza mada hii inamhusu nini mfanyakazi wa Serikali ambaye mshahara wake unatosha chakula, ada za watoto na nauli. Jawabu ni kwamba inatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, wako miongoni mwetu wenye ndugu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto. Ndugu hao wamefanya kazi miaka mingi na sasa wanataka pahala pa kurejea. Hutuletea picha mbili za majengo mawili, wakatuambia, "Wewe uko huko, nenda katazame, kisha utwambie tuchukue lipi." Pili, wako wanaostaafu na kufikiria kuunganisha kiinua mgongo chao na fedha za watoto wao ili kununua fleti moja ya kukodisha wageni. Tatu, wako katika ukumbi huu ambao kazi yao ya kila siku ni kupokea maombi ya miradi hii, kuyapima, kuyakagua na kuyaandikisha. Kwa hivyo, neno letu moja lina uzito mkubwa. Likienda kombo, akiba ya umri mzima wa mtu itapotea, na huenda ikapotea pamoja na roho za watu.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mwenye kwenda kutazama majengo mawili ya aina hii huoneshwa mlango: kiyoyozi, marumaru, bwawa la kuogelea na roshani inayotazama machweo ya jua. Katika mambo hayo majengo mawili hufanana kama maji na maji, na mtu huishia kuchagua kwa rangi ya jiko. Ninalotaka kulisema leo ni kwamba anayenunua fleti ananunua ushirika. Ananunua ushirika na majirani asiowajua, ushirika na mwenye ardhi, na ushirika na bahari. Basi hapana budi apime ushirika kabla ya kupima chumba.

NINI HASA KINACHONUNULIWA

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya umma, na msingi huo umeendelezwa katika Sheria ya ardhi Nam. 12 ya mwaka 1992. Kwa hivyo jengo lolote la mwekezaji ukingoni mwa bahari limesimama juu ya ardhi iliyokodishwa kwa muda maalum na kwa masharti maalum. Baadaye ikaja Sheria ya Kondominiamu Nam. 10 ya mwaka 2010, ambayo ndiyo iliyofungua njia ya mtu kumiliki sehemu moja ndani ya jengo pamoja na fungu lake katika vile vitu vinavyotumiwa na wote. Mgeni pia aliruhusiwa kuingia kwa mlango huo.

Vitu vinavyotumiwa na wote ndivyo vinavyosahauliwa. Msingi wa jengo, nguzo, paa, ngazi, lifti, mabomba, tangi la maji, jenereta, mfumo wa maji machafu na ukuta wa pwani, vyote hivyo havimo ndani ya fleti ya mtu yeyote, lakini bila ya hivyo hakuna fleti. Wengi katika ukumbi huu wamezaliwa au wamelelewa katika majumba ya Michenzani na Kikwajuni, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Mtu wa Michenzani hahitaji kufundishwa maana ya ushirika wa jengo. Anajua kwamba bomba likipasuka ghorofa ya nne, dari itakayolowa ni ya ghorofa ya tatu. Anajua pia kwamba suala gumu kuliko yote katika jengo la watu wengi ni hili: nani atatoa fedha za kuziba paa, na lini?

Suala hilo hilo ndilo linalowasubiri wanunuzi wa fleti za kifahari. Tofauti ni kwamba wao hukaa jirani na maji ya chumvi, na gharama zao huhesabiwa kwa dola.

MAJENGO MAWILI PACHA

Ili nisizungumze kwa nadharia tupu, naomba niwachukue hadi katika mji mdogo wa Surfside, pembezoni mwa Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalijengwa huko majengo mawili ya fleti ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Moja liliitwa Champlain Towers South, yaani la kusini, na jengine Champlain Towers North, yaani la kaskazini. Aliyeyajenga alikuwa mwekezaji mmoja, barabara yake ni moja, ufukwe wake ni mmoja, na michoro yake ilikaribiana mno. Mtu aliyekwenda kununua huko angeoneshwa picha mbili, na angechagua kwa kufuata bei, au ghorofa, au upande wa roshani.

Usiku wa tarehe 24 Juni, 2021, baada ya saa saba, sehemu kubwa ya jengo la kusini ilianguka katika muda mfupi sana, watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Jengo hilo lilikuwa na fleti 136 na umri wa miaka 40. Pacha wake wa kaskazini, umbali mfupi tu katika barabara hiyo hiyo, lilibaki limesimama.

Ndugu Mwenyekiti, tujiulize yaliyopita katika jengo la kusini kabla ya usiku ule. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na wenye fleti aliandika ripoti. Alieleza kwamba chini ya uwanja wa bwawa la kuogelea kizuizi cha kupitisha maji kimeharibika, kwamba uwanja umewekwa bapa bila ya mteremko hivyo maji hayaondoki, na kwamba zege lililo chini yake limepata madhara makubwa. Alikadiria gharama ya matengenezo ya jengo zima kuwa zaidi ya dola milioni 9. Kilichofuata ni mivutano. Wenye fleti walibishana juu ya fedha, na mwaka 2019 wengi wa wajumbe wa kamati yao walijiuzulu. Ilipofika mwaka 2021, gharama ilikuwa imepanda hadi kiasi cha dola milioni 15, na kila mwenye fleti alitakiwa kulipa fungu lake: wa chumba kimoja kiasi cha dola 80,000, na mwenye fleti kubwa ya juu kabisa zaidi ya dola 300,000. Katika mfuko wao wa akiba hamkufika hata dola milioni moja, na wataalamu waliwaambia kwamba walipaswa kuwa na zaidi ya milioni 10. Malipo yalikuwa yaanze mwezi wa Julai. Jengo lilianguka mwezi wa Juni.

Lazima niseme haki. Uchunguzi wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani umeonesha kwamba kasoro haikuwa katika matengenezo peke yake. Uwanja wa bwawa ulikuwa dhaifu kuliko ilivyotakiwa na kanuni tangu siku ya kuchorwa na kujengwa, na baadaye ukaongezewa uzito. Kwa hivyo ugonjwa ulizaliwa na jengo. Lakini maji yaliyotuama juu ya zege kwa miaka mingi, na fedha zisizokuwepo katika mfuko, viliuzidisha ugonjwa na vikachelewesha tiba.

Na jengo la kaskazini je? Taarifa zilizochapishwa baada ya ajali zilieleza kwamba wakaazi wake walikuwa na desturi ya kutengeneza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hasa kuzuia maji yasipenye katika maegesho ya gari yaliyo chini. Ukaguzi uliofanywa baada ya msiba haukukuta hali iliyokutwa kwa pacha wake. Hapa ndipo palipo na somo. Mnunuzi aliyesimama pwani mwaka 2020 akayatazama majengo yote mawili, asingeona tofauti kwa macho. Tofauti ilikuwa ndani ya makaratasi: katika ripoti ya mhandisi, katika kumbukumbu za mikutano na katika hesabu za mfuko wa akiba. Makaratasi hayo yalikuwapo. Kilichohitajika ni mtu wa kuyaomba na kuyasoma.

Mwaka 2022 jimbo la Florida lilipitisha sheria inayolazimisha majengo ya fleti ya ghorofa tatu na zaidi yakaguliwe na mhandisi yanapofikia umri wa miaka 30. Sheria hiyo pia iliondoa ruhusa ya wenye fleti kukubaliana wenyewe kwa wenyewe kutoweka akiba ya matengenezo ya mambo ya msingi. Tangu hapo ada katika majengo mengi ya zamani zimepanda, na baadhi ya wenye fleti wamelazimika kuuza kwa sababu hawawezi kulipa. Deni la matengenezo halikuzaliwa na sheria hiyo. Lilikuwapo zamani, na sheria imelifichua.

Wala sisi hatuna haja ya kwenda mbali sana. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883 na linaloikabili bahari ya Forodhani, ilianguka ilhali mafundi wamo kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Bahari haiangalii cheo cha jengo.

MASUALA YA KUULIZA

Sasa natufike katika kuchagua kwenyewe. Tuchukue kwamba ndugu yako amekuletea miradi miwili. Mmoja uko upande wa mashariki wa Unguja, katika ufukwe wa kama Paje au Jambiani. Mwengine uko upande wa magharibi, katika eneo la kama Fumba. Sizungumzii kampuni yoyote. Nazungumzia aina ya mahala na aina ya masuala.

Kwanza, hati. Uliza mkataba wa kukodi ardhi ni wa miaka mingapi, umeanza lini, na umebakisha miaka mingapi. Fleti inayouzwa leo juu ya mkataba uliokwisha kula miaka 20 si sawa na fleti iliyo juu ya mkataba mpya, hata kama bei ni moja. Uliza mkataba ukimalizika jengo litakuwa la nani. Kisha uliza kama jengo limeandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2010, na kama fleti hiyo hasa ina hati yake yenyewe. Ahadi ya kwamba hati itakuja baadaye ibakie kuwa ahadi, na ilipiwe kwa kiasi cha ahadi.

Pili, fedha zinazolipwa kabla jengo halijasimama. Miradi mingi huuza fleti ikiwa bado imo katika mchoro. Dubai walilipata somo hili mapema. Mwaka 2007 walitunga Sheria Nam. 8 inayotaka fedha za wanunuzi wa kila mradi ziwekwe katika akaunti ya amana ya mradi huo peke yake, zisitumike kwa jambo jengine. Mwaka uliofuata msukosuko wa fedha wa dunia ukafika, na miradi mingi ya huko ikasimama au ikafutwa, hapo ndipo watu walipoona thamani ya amana. Basi uliza: fedha zangu zinaingia katika akaunti ya nani? Zinatolewa kwa idhini ya nani? Je, zinatolewa kwa kadiri jengo linavyopanda, au kwa tarehe za kalenda? Mradi unaodai malipo kwa tarehe, jengo liwe limepanda au halikupanda, umemtwika mnunuzi hatari yote.

Tatu, ada na akiba. Hapa naomba tufanye hesabu ndogo ya mfano. Kila jengo lina fleti 40. La kwanza linatoza dola 50 kwa mwezi kwa kila fleti, na zote zinatumika kwa ulinzi, usafi na bustani. La pili linatoza dola 100. Hamsini zinatumika vivyo hivyo, na hamsini zinawekwa akiba. Dalali wa jengo la kwanza atakwambia kwamba kwake ni rahisi kwa nusu. Lakini baada ya miaka 20, jengo la pili litakuwa na dola 480,000 katika mfuko, bila ya kuhesabu faida yoyote. Siku ambayo lifti, paa na mabomba yatahitaji kiasi hicho, jengo la pili litaita mkandarasi. Jengo la kwanza litaita mkutano, na kila mwenye fleti atadaiwa dola 12,000 kwa mara moja. Dola 12,000 ndizo zile zile dola 50 kwa mwezi alizozikwepa kwa miaka 20. Hakuna alichookoa. Na ikiwa fleti hiyo ameinunua mwaka jana tu kutoka kwa mwengine, atalipia uchakavu wa miaka 19 ambayo hakukaa humo. Katika Surfside ugomvi wa wenye fleti ulikuwa juu ya hesabu ya namna hii.

Nne, bahari. Tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika visiwa vyetu wakati wa bamvua hufika kiasi cha mita 4. Upande wa mashariki maji yakipwa hukimbia mbali hadi karibu na miamba, na kinamama huingia kulima mwani. Ufukwe huo unakabiliana na bahari kuu, na msimu wa kusi hupokea upepo wenye chumvi miezi mingi mfululizo. Upande wa magharibi unakingwa na kisiwa chenyewe, maji yake yametulia zaidi, lakini haina maana kwamba chumvi haipo. Chumvi hupenya katika zege taratibu hadi kuzifikia nondo. Nondo zikishika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikalisukuma zege na kulipasua kutoka ndani. Ufa ukishatokea, maji ya chumvi hupata njia pana zaidi. Kwa hivyo muulize mhandisi: zege limefunika nondo kwa unene gani? Mchanga umetoka wapi, na umeoshwa? Maji ya mvua kwenye roshani na uwanja wa bwawa yanateremkia wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jengo la pwani ufa huwa umeanza mahala ambapo jicho halifiki.

Usiangalie jengo lenyewe tu, angalia na masafa yake kutoka mahala yanapofika maji makuu. Nenda siku ya bamvua, usiende siku iliyochaguliwa na muuzaji. Ukikuta mikoko imekatwa au mchanga umechukuliwa ili roshani ione bahari vizuri zaidi, elewa kwamba kinga ya jengo imeondolewa ili kuuza mandhari.

Tano, umeme na maji. Wakaazi wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, tulipokaa takriban mwezi mzima bila ya umeme kutoka Bara, na tena kuanzia Disemba 2009, tulipokaa miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa. Hata hivyo, anayenunua fleti ghorofa ya sita hana budi kuuliza: umeme ukikatika, lifti inaendeshwa na nini? Pampu ya maji je? Mafuta ya jenereta yanalipwa kutoka fungu gani la ada? Maji tunayoyategemea katika kisiwa hiki yako chini ya ardhi, juu ya maji ya bahari. Kisima kinachovutwa kupita kiasi karibu na pwani hugeuka kuwa cha chumvi, na kikigeuka hugeukia jengo na kijiji pamoja. Mradi unaosema kwamba una kisima chake wenyewe, uulizwe umepata kibali cha kuvuta kiasi gani. Na maji machafu yanasafishwa wapi kabla ya kurudi ardhini?

Sita, majirani. Jengo la pwani halijengwi nyikani. Pana njia ya wavuvi kushukia dau lao, pana mahala pa kuanikia mwani, na pengine pana kisima au makaburi ya kijiji. Mradi uliokaa na wanakijiji mapema, wakakubaliana njia ya pwani ibaki wazi na vijana wao wapate ajira, umejinunulia usalama ambao walinzi mia moja hawawezi kuuleta. Mradi uliofunga njia kwa ukuta umejinunulia kesi. Mnunuzi wa fleti atairithi kesi hiyo pamoja na ufunguo.

WAJIBU WETU SISI WATUMISHI

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niwageukie wafanyakazi wenzangu, kwa kuwa masuala haya sita hayamhusu mnunuzi peke yake. Mnunuzi anaweza kuomba kuiona hati, lakini sisi ndio tunaoiandika. Anaweza kuuliza juu ya nondo, lakini zikishafunikwa na zege hakuna atakayeziona tena. Aliyepaswa kuziona kwa niaba ya umma ni mkaguzi wetu, siku ile kabla zege halijamwagwa. Mkaguzi anayetia saini ofisini bila ya kufika kwenye eneo ameuza usalama wa watu asiowajua, na pengine ameuza bila ya kulipwa chochote, kwa uvivu tu au kwa muhali.

Muhali ni ugonjwa wetu, na sioni haja ya kuuficha. Mtu hufika na faili, akatwambia, "Bwana, hili ni la ndugu yetu, lisaidie lipite." Kumsaidia ndugu ni jambo jema. Lakini msaada ulio bora ni kumwambia ukweli mapema, wakati mchoro bado ni karatasi na kalamu inatosha kuurekebisha.

Jambo jengine ni lile la mtumishi wa Serikali kuwa dalali. Haifai mfanyakazi ambaye ofisi yake inaupima mradi apite akiusifu mradi huo kwa ndugu walioko ng'ambo ili apate ujira kwa kila fleti inayouzwa. Walioko nje hutuamini mara mbili: kwa udugu na kwa cheo. Akiwa amelipwa na muuzaji, amezitumia imani zote mbili kwa pamoja, na hasara ikitokea hakutakuwa na pahala pa kuitengeneza tena. Kwa hivyo, anayeombwa ushauri na huku ana maslahi, aseme wazi kwamba ana maslahi, na kazi ya kupima ampe mwenziwe.

Kwa upande wa wakaazi, ninalowaomba ni hili. Ukitumwa kutazama jengo, usitume picha peke yake. Omba karatasi tano: hati ya fleti au uthibitisho wa uandikishaji wake, mkataba wa ardhi, cheti cha mazingira, hesabu za ada na akiba za miaka iliyopita, na kumbukumbu za mikutano ya wenye fleti. Kama jengo bado halijakamilika, omba mkataba wa akaunti ya amana badala ya kumbukumbu za mikutano. Kisha zipeleke kwa mwanasheria na mhandisi ambao hawakuletwa na muuzaji. Ujira wao ni mdogo sana ukilinganishwa na bei ya fleti.

LIPI LICHAGULIWE

Nimeulizwa kabla ya kuingia ukumbini: hatimaye lipi ni bora, la mashariki au la magharibi? Nasema kwamba jua linapochomoza na linapotua lina uzuri wake, na kila mtu ana ladha yake. Atakayekaa mwenyewe na anahitaji kuwa karibu na mji, hospitali na uwanja wa ndege, upande wa magharibi utamfaa zaidi. Atakayekodisha kwa watalii, mchanga mweupe wa mashariki utamletea wateja, lakini ajiandae kwa upepo wa kusi, kwa kutu na kwa ada kubwa zaidi ya matengenezo. Hayo ni ya ladha na ya matumizi.

Lakini ikiwa majengo mawili yamelingana kwa bei na kwa uzuri, na moja limekupa makaratasi yake yote siku uliyoyaomba, na jengine limekwambia uje wiki ijayo, kisha wiki ijayo tena, basi kuchagua kumekwisha. Na ikiwa yote mawili yamekunyima, ndugu yako asinunue lolote. Fedha zilizobaki mfukoni hazijapotea, na pwani yetu haitahama.

Ndugu Mwenyekiti, sisi hatuyapingi majengo haya. Yanaleta kazi, yanaleta mapato, na yanawapa ndugu zetu walioko mbali sababu ya kurudi. Tunachokitaka ni kwamba watoto watakaolala humo mwaka 2060 walale kwa salama, na kwamba mvuvi aliyekuwapo kabla ya jengo aendelee kushuka pwani kwa njia yake. Hayo yanategemea mambo yanayofanywa leo katika ofisi zetu, kwa faili moja moja na saini moja moja.

Niko tayari kupokea masuala yenu.